Nyumba ya mbao ya wikendi ufukweni Kunduchi: ibomolewe au itunzwe?

Wakuu, heshima kwenu.

Kunduchi, mita chache kutoka maji yanapoishia bamvua, kuna nyumba ndogo ya mbao ya enzi za mkoloni. Wazungu wa mjini walikuwa wakija hapo Jumamosi kupunga upepo na kurudi Jumapili jioni. Vyumba viwili, kibaraza kirefu kinachotazama bahari, na nyuma, mbali kidogo, jiko na chumba cha mpishi. Familia inayoimiliki sasa imepata mnunuzi, na mnunuzi anataka kiwanja, nyumba hana haja nayo. Mtaani tumegawanyika. Mimi nasema isibomolewe.

Wengi wetu tukitaja utalii wa pwani ya Dar tunaanzia kwenye mahoteli makubwa yaliyokuja baada ya Uhuru. Tunasahau kwamba kabla ya hapo mtu alikuja na kikapu cha chakula na taa ya chemli. Hayo mahoteli nayo si ya milele: Africana iliachwa ikawa gofu baada ya bahari kula ufukwe wake. Kibanda cha mbao bado kimesimama.

Nenda ukakague nguzo za kibaraza. Misumari ya ukutani imeota kutu hadi imepasua mbao, lakini maungio ya nguzo hayana msumari hata mmoja. Ni ulimi na tundu, yamekazwa kwa vigingi vya mti, na hata wembe haupiti. Hiyo ni kazi ya mafundi wa kwetu, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Sasa msiniambie "sheria itailinda". Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya baada ya hapo hadi yatangazwe rasmi. Kwa tarehe hiyo peke yake hata Boma la Kale pale Sokoine Drive, la Sultani Majid, la 1866 hadi 1867, lingekosa kinga! Mlango wa nakshi unalindwa ukiwa umechongwa kabla ya 1940, kwa hiyo mlango una bahati kuliko nyumba yake. Jengo la zamani la Salamander mjini tuliona yaliyolipata: leo pale ni mnara wa vioo.

Nawasilisha.

Mchangiaji, Mbagala: Mkuu, kumbukumbu ya nani hiyo? Mji huu ulikatwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Babu yangu kibaraza kama hicho alikifikia akiwa na sinia mkononi. Leo mimi nichangie rangi? Magofu ya Kunduchi yako hapo hapo, msikiti na makaburi ya Waswahili yaliyokuwa yamepambwa kwa bakuli za Kichina. Wangapi humu mmewahi kwenda? Tuanze na vya kwetu.

Mchangiaji, Kijitonyama: Mimi ni seremala. Nyumba ya mbao inafumuliwa. Weka namba kila ubao, pakia kwenye fuso, kaijenge Kijiji cha Makumbusho hapa kwetu, kwenye zile nyumba za makabila. Pale ufukweni chumvi na mchwa vitaimaliza tu, mtunze msitunze.

Mchangiaji, Sinza: Mwenye mali ana haki ya kuuza. Nyie mnaotaka itunzwe, changeni mnunue.

Mleta mada: Wa Sinza, kuuza auze, sina ugomvi. Ila mnunuzi anadanganywa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Akiibomoa, ghorofa haitakiwi kusimama pale pale. Atapoteza nyumba na hatapata anachokitaka, labda apite mlango wa nyuma, na hapo ndipo wananchi tunapotakiwa kuwa macho.

Fundi, wazo lako nalikubali kama njia ya mwisho. Kibaraza cha kutazama bahari ukikipeleka kikatazame Barabara ya Bagamoyo, umeokoa mbao tu.

Ndugu yangu wa Mbagala, wewe umenigusa, lakini hoja yako mimi naitumia kinyume chake. Chumba cha mpishi paa limeshaanguka, na hicho ndicho ningetaka kitengenezwe kwanza, kabla ya kibaraza. Mtoto wa shule aingie aone mwenye nyumba alilala wapi na mpishi alilala wapi, hatua zisizofika ishirini kati yao. Tukiibomoa, miaka michache ijayo atatokea mtu aseme enzi hizo watu waliishi vizuri tu, na wewe huna cha kumwonyesha. Magofu nayo twende, nani kasema tuchague kimoja?

Mchangiaji, Mbagala: Chumba cha mpishi hukukisisitiza pale mwanzo. Mkianza nacho, nakuja. Mkianza na kibaraza na meza za juisi, msinihesabu.

Mchangiaji, Kunduchi: Naona mnaongea nyie wa mbali. Sisi wavuvi tulikuwa tunapita ubavuni mwa hiyo nyumba kwenda kwenye ngalawa. Siku hizi kuna geti la bati, tunazunguka hadi kwenye mkondo. Ibomolewe, itunzwe, ihamishwe, lile geti litafunguliwa? Nijibiwe hilo kwanza, ndipo mnipe karatasi yenu nisaini.