Naombeni ushauri: mafumbo na picha za kupaka rangi za mchezo wa kisahani (miaka 4 hadi 9)

Mama Watatu, Moshi
Habari zenu wanajamvi. Kila Jumamosi nakaa na watoto kumi na wanne wa mtaani kwetu. Mdogo wangu anayeishi Minnesota alituletea visahani vya kurusha (frisbee), viwili vikubwa vya kudaka na vinne vya ile gofu ya kisahani, ambayo badala ya shimo unalenga kikapu cha minyororo. Watoto wamevipenda mno. Sasa masika imeingia, uwanja wote tope. Nikatoa mtandaoni karatasi za mafumbo na picha, zote za Kiingereza. Wakubwa wakakwama kwenye maneno, wadogo wakamaliza kupaka rangi kwa dakika tano wakaanza kugombana. Nataka nitengeneze za kwetu. Nianzie wapi? Hela niliyonayo ni ya fotokopi tu.

Mwalimu wa Chekechea
Hongera dada. Kwa wadogo chora picha moja kubwa kwa kila karatasi, mistari minene, maana fotokopi huila mistari myembamba. Na usiwape picha tu. Laza sahani juu ya boksi gumu, zungusha kalamu upate duara, kata, kila mtoto apake lake. Kisha choma kijiti katikati, wazungushe kama pia. Rangi zinachanganyika, na hapo ndipo unawaeleza kwamba kisahani kinatulia hewani kwa sababu kinazunguka. Kisipozunguka kinayumba na kuanguka. Wangu walikaa na kazi hiyo saa nzima.

Kaka Mpinzani
Kwangu mimi mchezo wa nje ubaki nje. Makaratasi ya nini?

Mwalimu wa Chekechea
Kaka, mvua ya Moshi mwezi wa nne unaijua?

Mhariri Mstaafu
Mama Watatu, nikusaidie kwenye fumbo la kutafuta maneno. Programu nyingi hujaza nafasi zilizobaki kwa herufi yoyote, Q na X zikiwemo. Kiswahili hakizitumii, kwa hiyo mtoto akiziona anajua hapo hakuna kitu. Tena maneno yetu huishia na irabu. Ukijaza konsonanti tupu, KIKAPU na UPEPO vitajitokeza vyenyewe. Jaza kwa mkono, na A, I na U ziwe nyingi. Amua mapema kama CH inakaa kisanduku kimoja au viwili, la sivyo MCHEZO utaleta ubishi. Kwa wa darasa la pili, waunganishe umoja na wingi kwa mstari: kisahani na visahani, mti na miti, mkono na mikono.

Mdakaji wa Nairobi
Mama, kwanza usalama. Visahani vya gofu ni vidogo, vizito kwa ukubwa wake, na ukingo wake ni mwembamba. Hivyo ni vya kulenga kikapu, si vya kudaka. Watoto wadakie vile vikubwa. Hilo lenyewe ni fumbo zuri: chora visahani vya aina zote mbili, wapake kijani vya kudaka na nyekundu vya kulenga.

Fumbo la njia nalo lisiwe la kupotea ovyo. Mtu wa mkono wa kulia akirusha kwa kuvuta mkono kutoka kifuani, kisahani huishia kupinda kushoto. Chora mrushaji, miti mitatu na kikapu, uulize kisahani kipite upande gani. Mvua ikikatika, watoke wakajaribu jibu lao.

Na hesabu: kwenye gofu hii mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Asha 3, 4, 2. Juma 4, 2, 4. Wengi watamtaja Juma kwa sababu ana 10.

Mama Watatu, Moshi
Asanteni sana, mmenifungua macho. Jana tumefanya pia za boksi na fumbo la miti. Walibishana vikali kuhusu kushoto na kulia. Saa kumi mvua ikakata, nikaning'iniza tenga kwenye mwembe tukatoka na matope yetu. Kisahani cha kwanza kilipinda kushoto, mtoto wa miaka 6 akakimbia ndani kuleta karatasi yake anionyeshe kwamba alipatia.

Mdakaji, nina wawili wanaotumia mkono wa kushoto. Kwao kinapinda kulia?

Mdakaji wa Nairobi
Ndiyo, kwa mrusho huo huo. Wachoree karatasi yao, miti ukiigeuza.