Bia za rai: Red's Rye, Hop Rod Rye au Roggenbier?

Kimea_Safi: Wakuu, salaam. Niko Michigan, Marekani, na huku bia za rai (nafaka ya jamii ya ngano, ile ya mkate mweusi wa Ulaya) si ngeni. Nimeziweka tatu mezani na kuzionja kwa zamu.

Red's Rye IPA ya kiwanda cha Founders, Grand Rapids, kilevi 6.6%. IPA ni bia chungu yenye hopsi nyingi, yaani maua ya mmea yanayotia bia uchungu na harufu. Rangi ya shaba, povu zito. Harufu ya machungwa inatangulia, ndiyo hopsi za aina ya Amarillo hizo. Rai inajitokeza ukishameza: ukavu na ukali wa pilipili manga kooni. 8/10.

Hop Rod Rye ya Bear Republic, California, 8%. Rai ni 18% ya nafaka yake. Ina nguvu na uchungu mwingi, utamu wa kimea unafuata. Bia nzuri, lakini rai yenyewe lazima uitafute. 7/10.

Ya tatu ni Roggenbier, mtindo wa Bavaria, Ujerumani, kutoka kiwanda kidogo cha hapa jirani. Kahawia, haijachujwa, inajaa mdomoni. Hopsi kidogo tu, kwa hiyo unapata mkate wa rai wenyewe, kisha karafuu, kisha ndizi mbivu. 9/10. Anayetaka kuijua rai aanze na hii.

BintiKibosho: Kaka, hiyo ndizi wameitia kweli? Kwetu mbege ni ndizi na kimea cha ulezi, na harufu yake naijua tangu utoto.

Kimea_Safi: Hapana dada, hakuna ndizi. Ni kazi ya hamira. Wanatumia aina ileile ya bia ya ngano ya Kijerumani, na ikichachuka inatoa harufu ya ndizi na karafuu.

Fundi_wa_Pipa: Niongeze kwa upande wa upishi. Rai haina ganda kama shayiri, tena ina beta-glukani nyingi (nyuzinyuzi zinazonata zikilowa). Ukiizidisha, mchanganyiko unanata kama gundi na kuchuja kunakuwa kazi ya usiku kucha. Wengi tunachanganya maganda ya mpunga ili maji yapate njia. Roggenbier mara nyingi ina kimea cha rai nusu nzima au zaidi, kwa hiyo ukiikuta imepikwa vizuri, mheshimu aliyeipika. Ule unene mdomoni unatokana na hiyohiyo beta-glukani.

Mwanamji_ATL: Mkuu Kimea_Safi, sikubaliani nawe kwamba hopsi zinaifunika rai. Ukavu wa rai unaukata utamu wa kimea na hopsi zinasikika safi zaidi. Kiwanda cha Terrapin cha Athens, hapa Georgia, kilianza mwaka 2002 na Rye Pale Ale (pale ale ni ndugu mpole wa IPA), na mwaka uleule ikapata medali ya dhahabu kwenye Great American Beer Festival, mashindano ya bia ya Marekani. Majaji hawakuona rai imefunikwa. Mimi Red's Rye naipa 9, Roggenbier 6. Ndizi na karafuu zinanichosha nikifika nusu ya bilauri.

Kimea_Safi: Nakuelewa ndugu yangu, na hiyo pale ale ni hoja nzito, maana hopsi zake ni za kiasi. Hoja yangu ni ya anayeanza: kwenye IPA ya 8% atajifunza hopsi kwanza.

Mpita_Njia: Msiisahau sahti ya Finland. Ni shayiri na rai, inachujwa kwa matawi ya mreteni (juniper) na kuchachushwa kwa hamira ya mkate. Gesi karibu hakuna. Ukiipata ikiwa mbichi, hizo tatu zote zinakaa pembeni.

BintiKibosho: Nimeipata Roggenbier. Niiweke kwenye friji muda gani?

Kimea_Safi: Isiwe baridi ya kuumiza meno, dada. Itoe kama robo saa kabla ya kunywa, mimina taratibu, bakisha kidogo chini, tikisa chupa, umalizie na ile hamira iliyotuama. Utupe alama zako.

BintiKibosho: 8. Ndizi ipo, karafuu ipo, ila inamaliza kavu kuliko mbege. Jumamosi nanunua Red's Rye nizinywe pamoja.