Treni inayolala kona: kwa nini zile za aina ya 381 za Japani zilisifika kwa kutapisha watu?

Kipepeo88
Wakuu habari zenu. Mimi nina ugonjwa wa kuangalia zile video za treni zinazopigwa kutoka chumba cha dereva, wiki nzima nimenasa kwenye njia ya Hakubi huko Japani, ile ambayo treni ikitoka Okayama inapanda milimani ikifuata mto Takahashi halafu inatokea upande wa pili, Yonago, Matsue, mpaka Izumo. Treni yenyewe ni tokkyu, zile za haraka zinazoruka vituo vidogo, inaitwa Yakumo, na kwa miaka mingi walikuwa wanatumia mabehewa ya aina ya 381. Sasa kuna video nyingine imepigwa kutoka nje, treni ikifika kona behewa linalala kama pikipiki, unaliona kabisa. Nikajua humo ndani watu wanakula raha tu. Kushuka kwenye komenti nakuta Wajapani wanacheka kwamba hiyo ni treni ya kutapisha, eti mpaka mifuko ya kutapikia iliwekwa pale penye sinki la kunawia. Sasa kama inalala ili abiria asiteseke mbona ndo inamtapisha? Na hii mpya iliyochukua nafasi yake, aina ya 273, nayo inalala au wameachana na huo mchezo?

Mzee wa Diseli
Inalala ili isipinduke mkuu. Milimani huko kona juu ya kona, isingelala ingekuwa ishaingia mtoni zamani. Kutapika ni tumbo la mtu.

fundi_kona
Mzee hapana aisee, hapo wengi wanachanganya. Kulala hakuzuii kupinduka. Kinachozuia ni uzito kukaa chini, ndo maana 381 ilijengwa kwa alumini na hata mitambo ya AC wakaitoa juu ya paa wakaifunga chini ya sakafu. Kulala ni kwa ajili yako wewe uliyekaa. Treni yenyewe ina uwezo wa kupita kona kwa spidi kubwa kuliko ile ambayo abiria anaweza kuivumilia, kwa hiyo anayeibana spidi ni abiria.

Chukua kikombe cha chai kiko mezani. Treni ya kawaida ikikata kona kwa kasi chai inapanda ukingo mmoja, na wewe unasukumwa dirishani. Behewa likilala kuelekea ndani ya kona kiasi cha kutosha, chai inabaki sawa na kikombe na wewe unabaki sawa na kiti. Kwa ujanja huo 381 iliweza kupita kona kwa spidi inayozidi ya kawaida mpaka km 20 kwa saa. Zilianza 1973 kwenye tokkyu ya Shinano, Nagoya kwenda Nagano, kisha 1978 kwenye tokkyu ya Kuroshio kule pwani ya Wakayama, Yakumo wakapata 1982 njia ya Hakubi ilipowekewa umeme.

Sasa kutapisha kunatoka wapi. Ile 381 haikuwa na mashine ya kulilaza behewa. Behewa limekalia roli, yaani vigurudumu vya kuviringika, roli ziko juu ya fremu ya magurudumu, basi. Ni bembea. Treni ikiingia kona, nguvu ile ile inayokusukuma wewe nje ndo inasukuma sehemu ya chini ya behewa nje, juu linaingia ndani, mwisho digrii 5. Tatizo roli zina msuguano, hazitelezi hapo hapo. Kwa hiyo umeshaingia kona, umeshasukumwa, unajishika, ndo behewa linakumbuka kulala, tena kwa mkupuo. Ukitoka kona reli imeshanyooka lenyewe bado limelala, halafu linarudi, na likirudi linapitiliza kidogo. Ukikuta kona ya kushoto imefuatiwa na ya kulia, na njia ile ndo zilivyo, behewa halipati nafasi ya kutulia. Fanya hivyo masaa matatu uone.

dada_wa_dirishani
Naongezea tu, na macho nayo yanachangia, maana mwili unaambiwa umekaa sawa huku dirishani mlima unapanda na kushuka.

Halafu huo utani wa Wajapani ni mtamu ukijua lugha. Walipokarabati ndani wakaziita "Yuttari Yakumo", yaani Yakumo ya kujiachia raha mustarehe. Watu wakageuza herufi kidogo ikawa "Guttari Hakumo". Guttari ni kuwa hoi bin taaban, na haku ni kutapika 😂 Jina lenyewe wala halina kosa, Yakumo ni mawingu manane, limetoka kwenye shairi la kale sana la Izumo.

Kuhusu 273, ndio, nayo inalala. Ilianza Aprili 2024, na 381 ikamaliza safari zake za kila siku Juni mwaka huo huo. Tofauti ni kwamba hii inaijua kona kabla haijaingia. Ina ramani ya njia nzima kwenye kompyuta yake, sensa zinapima umbo la kona inayopita, inalinganisha na ramani inajua niko mita fulani, basi inaanza kulala mapema taratibu na kunyanyuka mapema.

Kipepeo88
Aisee nimeelewa, kumbe kulala hakuna shida, shida ilikuwa kuchelewa kulala! Ila kompyuta si ingeweza kuhesabu tu mizunguko ya gurudumu ikajua iko wapi? Na ile pantografu juu ya paa, ule mkono unaochukua umeme kwenye waya, behewa likilala si inaachana na waya?

fundi_kona
Mizunguko ndo walianza nayo, pamoja na vifaa vilivyofungwa kwenye reli vya kuirekebishia hesabu. Lakini gurudumu linateleza, mvua, majani, breki, hesabu inaanza kupotea kidogo kidogo, na ukikosea mita kadhaa behewa linalala mahali sipo. Ndo maana hiyo ya ramani na sensa imeshangiliwa sana.

Pantografu umeuliza vizuri. Kwenye 381 imefungwa kwenye paa kwa hiyo inaenda na behewa, ikabidi waya ndo upangwe upya kwenye kona ili usiikose. Kwa hiyo haikuwa treni ya kuichukua tu ukaipeleka njia yoyote ukalaza kona.

Mzee wa Diseli
Hilo la kupinduka nimekubali yaishe. Lakini mbona hamsemi treni ya kwanza Japani kuanza kuambiwa kona mapema ni ipi? Ni ile ya aina ya 2000 ya JR Shikoku, kampuni ya reli ya kisiwa cha Shikoku, mwaka 1989. Diseli ile. Haina pantografu wala waya wa kupanga upya 😎