Kazi ya samaki ya kulala hukohuko: Kilwa ao Kalemie?

MwanaKatuba
Jambo bandugu. Niko Lubumbashi. Nimepata kazi mbili za msimu, zote za samaki, zote za kulala hukohuko. Moja iko Kilwa, kwenye ziwa Mweru: kuanika chisense (samaki wadogo) na kubanika kwa moshi samaki wanaoitwa pale, miezi mitatu. Ingine iko Kalemie, kwenye ziwa Tanganyika: kuanika ndagala (dagaa), inaanza katikati ya mwezi wa sita. Kalemie wanaahidi pesa nyingi kupita Kilwa. Wote wanataka jibu mbele ya siku ya posho (Jumamosi). Mliofika huko, niende wapi? Asanti.

Jirani_Ruashi
Kadogo, hujasema kitu bado. Pesa nyingi ni ngapi? Inahesabiwa kwa mwezi, kwa gunia ao kwa karai? Chakula ni cha patroni ao unajipikia? Nani analipa njia ya kwenda, na nani ya kurudi? Unalala nyumbani ao chini ya turubai? Jibu kwanza, halafu tutaongea.

Sambaza_Safi
Mimi wa Bukavu. Acha zote mbili, kuja kwetu Kivu. Sambaza (samaki wetu wadogo wa ziwa Kivu) ya jioni inauzwa asubuhi ikiwa ingali mbichi, hakuna mambo ya kukaa miezi mitatu unafukuza kuku na ndege kwenye samaki.

Jirani_Ruashi
@Sambaza_Safi atoke Katanga mpaka Kivu kwa ajili ya kuuza sambaza kwenye karai? Unajua nauli ni ngapi?

Sambaza_Safi
Nimetoa wazo tu, yaya. Na ile ndagala munayoisifu, sambaza ni ndugu yake. Ilitolewa Tanganyika ikaletwa Kivu mwaka 1959. Mbele ya hapo Kivu haikuwa na samaki mudogo wa aina hiyo.

Mwana_wa_Lukuga
Ni kweli imetoka Tanganyika, lakini sema vizuri. Ndagala ya Tanganyika iko ya aina mbili, na kwenu Kivu ilishika moja tu. Ile ingine, ambayo ni tamu zaidi, ilibaki kwetu 😂

MwanaKatuba
Pole, naona niliacha mengi. Kilwa ni franki 150,000 kwa mwezi, chakula juu ya patroni, njia ya kwenda na kurudi juu yake, tunalala kwenye nyumba ya matofali pamoja na wengine. Kalemie ni dola 4 kwa gunia lililokauka. Wanasema mtu mwenye nguvu anajaza hata magunia 30 kwa mwezi. Njia wanatoa avansi, wanakata nyuma. Chakula wanakopesha.

Jirani_Ruashi
"Chakula wanakopesha." Umesikia wewe mwenyewe ulivyoandika?

Mwana_wa_Lukuga
Mimi nimezaliwa Kalemie na sitaki mtu aseme vibaya mji wangu, lakini hapa lazima niulize. Umesema katikati ya mwezi wa sita? Nchi nne za ziwa (Kongo, Burundi, Tanzania, Zambia) zilipatana kufunga uvuvi wa Tanganyika kutoka 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazae. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga siku hizohizo. Sasa huyo patroni atakupa ndagala gani ya kuanika mwezi wa sita? Ya kuficha usiku? Ao utakaa miezi miwili unakula kwa deni, unangoja ziwa lifunguliwe, na gunia ni sifuri?

Fundi_Nyavu
Hiyo sheria iko kwenye karatasi. Watu wanakula samaki mwaka muzima.

Mwana_wa_Lukuga
Wanakula, ndiyo. Lakini wanaokamatwa na nyavu zinazochomwa ni za nani? Si za patroni. Patroni anakaa mjini.

Fundi_Nyavu
Nyavu ni za patroni, kaka. Mimi njo nazishona.

Mwana_wa_Lukuga
Haya. Nyavu ni zake. Siku za kukaa bure ni za mfanyakazi. Umefurahi?

Mama_Uvira
Nisamehe nitaandika kirefu, jambo hili linaniuma.

Mimi niliwahi kwenda kwenye kambi ya ndagala upande wetu wa Tanganyika, kwa gunia kama huyu. Jina la yule tajiri silitaji, na kijiji sikitaji. Tulikuwa watu kumi na kitu. Alitupa avansi ya njia, akatupa turubai, sufuria na unga. Kila kitu aliandika kwenye daftari lake. Sisi hatukuandika kitu, na hilo ndilo lilituua.

Wiki ya kwanza samaki walikuja wengi. Ndagala inavuliwa usiku kwa taa, mitumbwi inarudi alfajiri, na jua likitoka unapaswa kuwa umeshamwaga kila kitu. Tulianika juu ya mchanga. Unageuza kwa ufagio, unafukuza kunguru, mgongo haunyooki mpaka saa kumi. Jua likiwa kali inakauka siku hiyohiyo. Hapo ndipo unaelewa hesabu ya gunia: kilo moja kavu inakula karibu kilo nne za mbichi. Unaona karai zinapita kama mto, jioni gunia halijafika nusu.

Halafu mbalamwezi ikaja. Mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti samaki, basi wavuvi wanalala. Siku saba, siku nane, hakuna kazi. Unga unaendelea kuandikwa. Sabuni inaandikwa. Hata mafuta ya taa ya kibanda chetu yaliandikwa. Hakuna aliyetuambia mbele ya kuondoka kwamba kila mwezi kuna wiki ya namna hiyo, wakati mtu wa ziwa anaijua tangu utoto.

Mvua moja ya mchana iliharibu ndagala ya siku mbili. Iliyooza tulizika, iliyobaki ilikuwa nyeusi na ina mchanga, akaipokea kwa nusu bei. Vichanja vya waya na miti, vile vinavyoinua samaki juu ya mchanga, alisema ni gharama. Mwenziwe wa kambi ya pili alikuwa navyo, na ndagala yake ilikuwa nyeupe, wanunuzi walikuwa wanaanzia kwake.

Kisha tumbo. Choo hakikuwepo, na maji ya kunywa tulichota palepale tunapooshea samaki. Binti mmoja alianza kuhara kama maji ya mchele, tukamkimbiza kwa mtumbwi. Alipona, Mungu ni mkubwa. Siku zake za kitandani zilikatwa.

Mwisho wa miezi mitatu daftari lilifunguliwa. Mimi nilibakiwa na franki 38,000. Wawili walionekana wana deni, wakaambiwa wabaki msimu wa pili walipe. Mmoja alitoroka usiku kwa miguu.

Kwa hiyo kadogo, magunia 30 ni ya wiki zenye giza, tena kama mvua haipo na ziwa liko wazi. Uliza anayekuita: wiki ya mbalamwezi nani ananilisha?

Sambaza_Safi
Pole sana mama. Hilo la daftari nalo, hata Kivu liko.

Jirani_Ruashi
Mama amemaliza. Mimi nasema Kilwa. Lakini kadogo, usidhani Kilwa ni pepo. Barabara ya Kasenga wakati wa mvua unaijua, na Kilwa, Kasenga, Pweto, kipindupindu hakitoki huko. Beba dawa ya kusafisha maji. Halafu kule pia uvuvi unafungwa, upande wa Zambia ni kutoka 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, kwa hiyo uliza miezi yako mitatu inaisha lini.

Kaka_Mwenye_Nguvu
Kaka, kama wewe ni kijana mwenye nguvu enda Kalemie, gunia linalipa mwenye bidii. Mshahara wa mwezi ni wa wavivu. Mwanaume analala hata kwenye mchanga.

MwanaKatuba
Mimi si kaka. Mimi ni mwanamke, na niko na mtoto wa miaka miwili. Sikusema kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Jirani_Ruashi
😳 Mwanangu! Na mtoto anaenda na wewe?

MwanaKatuba
Njo shida. Mama yangu anasema atabaki naye kama ni miezi mitatu tu. Kilwa walisema mtoto hapana. Kalemie walisema lete tu.

Mama_Uvira
Kalemie walisema lete kwa sababu mwenye mtoto hatoroki usiku. Usimpeleke mtoto wa miaka miwili kwenye maji yale. Nakuomba kama dada yako mkubwa.

Kaka_Mwenye_Nguvu
Nisamehe dada. Lakini si kambi zote ziko vile.

Mbali_Na_Nyumba
Mimi ni wa Goma, sasa niko Marekani na karatasi zangu za kazi. Mwaka jana nilienda Alaska, Bristol Bay, kwenye kiwanda cha saamoni, na kule pia unalala kiwandani. Samaki wanakuja wengi sana mwanzoni mwa mwezi wa saba, wiki chache tu. Zamu ni saa 16, unasimama kwenye maji baridi na buti, unasafisha tumbo la samaki mpaka unaota samaki. Chakula na kitanda vilikuwa vya kampuni. Lakini kontra iliandikwa: ukiondoka mbele ya mwisho, tikiti ya kurudi ni yako. Na walilipa kwa saa: siku samaki hawakuingia, tulilala na hatukulipwa kitu. Huyo wa Kilwa anayelipa kwa mwezi, mimi ningemshika mkono.

Fundi_Nyavu
@Mbali_Na_Nyumba kaka, kuna mtu hapa Lubumbashi anatafutia watu kazi ya kiwanda cha samaki Kanada. Anataka dola 800 za faili. Ni ya kweli?

Mbali_Na_Nyumba
Usitoe. Kanada mwajiri ndiye analipia ruhusa ya kuleta mfanyakazi wa muda, na sheria inamkataza kumtoza mfanyakazi. Anayekuomba dola 800 anauza hiyo faili, kazi hana.

Fundi_Nyavu
Shemeji yangu ameshatoa 300.

Jirani_Ruashi
Weee.

MwanaKatuba
Nimepigia Kilwa simu. Nimeuliza maji, choo, na siku ya kuisha. Maji wako na pompa. Choo "kinajengwa". Kuisha hawajui, inategemea samaki. Kalemie nimeuliza juu ya mbalamwezi, bwana akacheka, akasema wewe ni mwanamke wa kuuliza sana.

Mama_Uvira
Hilo cheko nalijua.

Sambaza_Safi
Choo kinajengwa tangu lini?

Mwana_wa_Lukuga
Aombe kontra ya karatasi, na daftari lake mwenyewe, hata la shule. Halafu swali kando: wale pale wa moshi munanunua wapi Lubumbashi? Sokoni kwetu naona thomson tu, na thomson ni samaki wa bahari, anatoka Namibia kwenye barafu.

Jirani_Ruashi
Soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, asubuhi sana, lakini chagua wale wasio na mchanga. Thomson naye usimdharau, amelea batoto wengi.

Kaka_Mwenye_Nguvu
Thomson na sombe (kisamvu). Mwacheni.