Naomba ushauri: faili limefutwa, lakini diski bado imejaa
Habari zenu wakuu. Ninasimamia seva ya Linux ambayo tangu jana amri ya df -h inaonyesha diski imejaa asilimia 100, ilhali du -xsh / (inayojumlisha ukubwa wa mafaili yaliyopo) inahesabu gigabaiti 11 tu kati ya 40. Nilikuwa nimefuta kwa rm faili kubwa la logi, yaani kumbukumbu za matukio ya programu (kwa haraka, nakiri), na lsof +L1 (amri inayoorodhesha mafaili yaliyofutwa lakini bado yamefunguliwa) imenionyesha kwamba programu yetu ya Java bado imelishikilia, hivyo nafasi haijaachiwa. Kuizima mchana siwezi, kwa kuwa wahasibu wanafunga hesabu za mwezi. Je, nikilipunguza hadi sifuri kwa truncate -s 0 kupitia /proc (saraka ambamo Linux huonyesha programu zinazoendesha na mafaili yaliyofunguliwa nazo), programu itaendelea kuandika bila matatizo? Na kwenye logrotate (programu inayohifadhi logi za zamani na kuanzisha mpya), mnaitumia copytruncate (chaguo la kunakili logi kisha kuifanya tupu), ingawa huweza kupoteza mistari michache wakati wa kunakili?