Lupu ya Python inaruka mdaiwa mmoja, nakosea wapi?

kopo_la_chai: Wakuu, habari za usiku. Nina wiki ya tatu najifunza kuandika programu kwa Python, nahamishia daftari la madeni la duka la bi mkubwa kwenye kompyuta. Aliyemaliza kulipa, yaani deni 0, nataka atoke kwenye listi. Nimeandika lupu ya `for`, ipitie deni mojamoja:

```
madeni = [5000, 0, 0, 1200]
for d in madeni:
    if d == 0:
        madeni.remove(d)
print(madeni)
```

Inaniletea `[5000, 0, 1200]`. Sifuri moja imegoma kutoka, na hakuna ujumbe wa kosa. Nimezima kompyuta nikawasha, wapi.

mzee_wa_kodi: Irudie hiyo lupu mara mbili, zitaisha.

fundi_saa: Mzee, usimpoteze kijana. Zikiwa sifuri nne mfululizo, mzunguko wa kwanza unatoa mbili, wa pili unatoa moja, na moja inabaki inakutazama.

kopo, umewahi kukaa benchi la zahanati? Akiingia mmoja, wote mnajisogeza. Sasa chukulia nesi haangalii sura, anahesabu nafasi: 0, 1, 2. Amefika nafasi ya 1, aliyekaa hapo akaondoka, wa nafasi ya 2 akasogea mpaka ya 1. Nesi yeye ameshamaliza ya 1, anakwenda ya 2. Huyo aliyesogea karukwa, na hajui. `for` inapita kwenye listi hivyohivyo.

binti_kodi: Dawa yake usifute kwenye listi unayoipitia. Tengeneza nyingine:

`wanaodaiwa = [d for d in madeni if d != 0]`

Au pita kwenye nakala, `for d in madeni[:]`, hapo `remove` haikusumbui. Mimi natumia ya kwanza, inasomeka.

Ukija kuweka majina na madeni kwenye kamusi, yaani `dict`, ukafuta katikati ya lupu, Python itakugomea yenyewe kwa `RuntimeError`. Afadhali hiyo inapiga kelele. Listi inakosea kimyakimya.

kopo_la_chai: Imekubali! Ile ya benchi imeniingia. Ila nimemwonyesha bi mkubwa, kaniuliza waliolipa nimewapeleka wapi, maana hao ndio anaowakopesha tena. Basi sifuti mtu, nachapa tu wenye deni.