Mnaoandika eksitensheni za Visual Studio, "zima uwashe" siyo jibu!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naongea.

Kuna eksitensheni (kiongezo) moja ya Visual Studio, programu ya Microsoft ya kuandikia msimbo; jina naliacha. Kazi yake ni kusubiri bildi (kugeuza msimbo kuwa programu) iishe, kisha inakili DLL (faili linalotokana na bildi) kwenda kwenye folda ya majaribio. Ukifungua Visual Studio inafanya kazi safi kabisa, lakini baada ya muda inanyamaza. Haitoi kosa lolote, na kwenye dirisha la Output hakuna hata mstari mmoja. Wewe unabaki kupima DLL ya zamani, unahangaika na bagi uliyokwisha kuirekebisha. Ukimwandikia mwenye mali anakujibu: "Zima uwashe tena." Na ukiwasha kweli inapona! Ndiyo maana jamaa anaamini kakusaidia.

Msimbo wake uko wazi, nikaufungua. Kwenye metodi ya kuanzishia kachukua dte.Events.BuildEvents (kitu kinachotoa iventi, yaani taarifa, za bildi kupitia DTE, njia ya kuiendesha Visual Studio kwa msimbo), kaiweka kwenye variabo ya ndani ya metodi, kaunganisha OnBuildDone (iventi ya bildi kuisha), kafunga mabano, kaenda zake. Jamani! Unachopewa pale ni ganda la .NET lililofunika kitu cha COM, teknolojia ya Microsoft ya kuunganisha vipande vya programu. Metodi ikiisha, hakuna tena anayelishikilia hilo ganda. Mzoa taka wa .NET (garbage collector, anayefuta vitu visivyoshikiliwa kwenye memori) akipita analizoa, na iventi zako zinaondoka nalo kimyakimya. Ukiwasha upya ganda jipya linatengenezwa, unapata nafuu mpaka mzoa taka apite tena.

Kwa mwandishi mwenyewe tatizo halionekani, kwa sababu anajaribia kwenye solusheni (kundi la projekti) yenye projekti moja ya "Hello World", memori haisumbuliwi. Sisi wenye solusheni nzito ndio tunaoumia. Na dawa ni kuhamisha tamko moja: BuildEvents ikae kwenye fildi ya klasi ya paketi (klasi kuu ya eksitensheni), iishi muda wote paketi inapoishi. Basi! Jambo hili linajulikana miaka na miaka, lakini bado mafunzo yanaandikwa na variabo ya ndani, watu wanakopi na kupesti.

Hapo sijagusa Clean, amri ya kufuta matokeo ya bildi. Ukifanya Clean, OnBuildDone inaitwa vilevile. Ndiyo maana iventi inakuja na vsBuildAction, ujue kilichofanyika ni Build, RebuildAll au Clean. Huyu hakuisoma, kwa hiyo nikisafisha solusheni ananitupia dirisha la kosa kwamba DLL haionekani. Itaonekanaje wakati nimetoka kuifuta?

Halafu OnBuildDone haisemi kama bildi imefaulu. Inakupa skopu na kitendo tu. Ukitaka kujua, soma SolutionBuild.LastBuildInfo, ambayo ni idadi ya projekti zilizofeli. Ikiwa sifuri ndipo unakili. Au uachane na DTE, utumie IVsUpdateSolutionEvents2, njia nyingine ya Visual Studio ya kupokea iventi za bildi: UpdateSolution_Done inakuja na fSucceeded na fCancelCommand, na UpdateProjectCfg_Done inakupa matokeo ya kila projekti. Unajiandikisha kwa AdviseUpdateSolutionEvents, unatunza kuki (namba ya usajili) uliyopewa, ukiondoka unairudisha kwa UnadviseUpdateSolutionEvents. Na tafadhali, usinakili mafaili ya mtandaoni ndani ya hendla hiyo hiyo. Iko kwenye thredi ya UI (inayoendesha skrini), skrini yote inaganda tukikusubiri wewe.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba kazi hii haikuhitaji eksitensheni. Target (hatua) moja ya MSBuild, zana ya Microsoft inayofanya bildi yenyewe, yenye AfterTargets="Build", ukiiweka kwenye Directory.Build.targets, inanakili DLL kwa projekti zote, na inafanya kazi hata kwenye seva ya bildi inayoita MSBuild peke yake. Kule eksitensheni yako haipo, wala haitasikia iventi yoyote. Eksitensheni ingebaki na mambo ya IDE (Visual Studio) yenyewe: kuonyesha hali ya bildi, kufungua dirisha, kusimamisha bildi kabla haijaanza.

Na wale wa "kwangu inafanya kazi", kabla hamjakoment humu, bandikeni metodi zenu za kuanzishia tuone BuildEvents mmeiweka wapi. Mwenye ile eksitensheni akipita hapa, marekebisho nimeshakutumia, yamekaa bila kuguswa. Yapokee au yakatae, ila usiniambie tena nizime niwashe.